Malengelenge ya Yasmini

Kibiti, 28 Septemba

Mikorosho ya nyuma ya nyumba imeanza kudondosha. Leo asubuhi nimeokota peke yangu kabla jua halijawa kali, na mgongo ukanikumbusha kwamba nimestaafu. Kila msimu wa korosho huwa naandika, tangu nilipokuwa mwalimu kule Mbwara, kwa sababu mwaka ukipita watu huanza kubishana mvua ilianza lini, nami sipendi kubishana na watu wasiokumbuka.

Mwaka huu tuko watatu: mimi, mwanangu Mudathiri, na mkewe Yasmini aliyemwoa mwezi wa nne. Yasmini katoka Kiongoroni, kule visiwani, kwa wavuvi na wakata mikoko. Samaki anamjua mpaka jina la babu yake. Korosho hajui ishikwe wapi.

30 Septemba

Binti ana aibu. Akicheka anaziba mdomo kwa kanga. Akishapakua anabaki jikoni, sisi tunakula barazani. Nimemwita mara mbili aje tule sinia moja, kasema ameshashiba. Nilipofunua sufuria yake nikakuta uji uliopoa. Mtu mzima anakunywa uji mchana kweupe na kisamvu cha nazi kipo. Nikamwambia Mudathiri mkewe anaringia chakula chetu. Akacheka, akasema nimzoee tu.

3 Oktoba

Jua. Tumeokota. Mabibo, matunda ya mikorosho, yamejaa nzi.

6 Oktoba

Leo tumechoma korosho za kuuza stendi. Moto wa kuni, juu yake bati lenye matundu, na maganda yakishika joto yanatoa mafuta meusi yanayowaka yenyewe. Mafuta hayo yakikugusa, ngozi inatoka malengelenge kama umemwagiwa maji ya moto. Ndiyo maana sisi watu wa milimani, wa huku bara, kabla ya kuzibangua maganda tunapaka majivu mikononi, na mtoto wa huku anajua hivyo kabla hajajua kusoma. Yasmini nilimwonyesha. Nikamkanya asijiguse uso wala mdomo.

Alibangua polepole, kichwa chini, hakutoa neno mpaka tukamaliza. Nikamsifu moyoni, maana wanawake wa mtaa huu wakikaa kubangua korosho wanabangua na majirani.

11 Oktoba

Yasmini katoka malengelenge begani na kifuani. Nimeyaona alipoinama kuchota maji. Ni makubwa, yamelegea, ukigusa yanapasuka na kuacha kidonda chekundu. Sikuhitaji kuuliza. Nikamwambia ameungua korosho kwa sababu hakupaka majivu vizuri. Alikuwa kama anataka kusema kitu, halafu akasema, "Ndiyo, Mama."

Nimempaka mafuta ya nazi. Watu wa visiwani bwana.

15 Oktoba

Vidonda havikauki, nimempeleka zahanati. Mganga alipotuona tu nikamwambia huyu ni mkwe wangu, katoka visiwani, ameungua korosho. Naye kila msimu anawaona wa namna hiyo, hakuhangaika. Akaandika dawa ya kupaka ya watu walioungua. Alimuuliza Yasmini kama kuna lingine linalomsumbua. Yasmini akanitazama mimi, kanga mdomoni. Nikajibu hakuna.

19 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Tumekimbia kuanua korosho. Yasmini naye alitaka kukimbia, nikamfukuza arudi ndani.

24 Oktoba

Tangu tutoke zahanati sijamruhusu kugusa korosho hata moja. Lakini yametoka mapya, mgongoni na kichwani ndani ya nywele. Mgongoni mafuta yamefikaje? Nimeamua ni moshi. Moshi wa korosho nao unaunguza, kila mtu anajua. Nimemhamishia chumba cha mbele, mbali na jiko.

Jioni akaja jirani yetu Salima, eti kumjulia hali mgonjwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama binti amepimwa. Nilielewa kipimo anachokisema. Nilimtoa nje kwa maneno ambayo hapa sitayaandika.

27 Oktoba

Wamepimwa wote wawili, Mudathiri na mkewe. Hawana. Nimemwambia Salima kupitia uani, kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini. Amesema basi katupiwa kitu. Salima hakosi jibu.

31 Oktoba

Mvua. Shuka limegandana na mgongo wa Yasmini, nimelibandua kwa maji ya uvuguvugu. Hakulia. Ningekuwa mimi ningeamsha mtaa.

3 Novemba

Shemeji Bushiri amekuja asubuhi. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, na tangu kaka yake afariki anajiona ndiye mwenye nyumba hii. Alikaa barazani, akanywa chai yangu, akazungumza habari za mnada na ghala la ushirika, nami nikajua amekuja kwa jingine. Mwisho akalisema. Binti ni mgonjwa, ugonjwa haueleweki, na mgonjwa anauguzwa kwao. Mama yake ndiye ajuaye kumwosha na kumlisha. Na Mungu aepushe, likitokea la kutokea, litokee mikononi mwa wazee wake, isije ikasemwa kwamba tumemuua mtoto wa watu.

Desturi hiyo naijua. Mimi mwenyewe nilipougua na mimba ya kwanza nilirudishwa kwetu Mbwara, mama akaniuguza nikapona, wala sikuona kosa. Kwa hiyo maneno hayakunishtua. Nilichokuwa nakitazama ni uso wa Mudathiri. Alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti. Kama angesema mke wangu haendi popote, ningesimama naye. Hakusema. Nami nikanyamaza, nikajipa moyo kwamba kule hakuna korosho, atapona upesi.

Yasmini alikuwa ndani na mlango uko wazi. Alisikia kila neno.

5 Novemba

Mudathiri amempeleka mkewe kwa bajaji mpaka Nyamisati, kuwahi boti kabla maji hayajapwa. Nimemfungia mchele, sukari na mafuta ya nazi. Aliniomba radhi kwa kuniachia kazi nyingi. Sauti yake ilikuwa nzito, kama mtu aliyeweka kitu mdomoni. Nilidhani ni kilio.

9 Novemba

Mvua. Korosho haikauki.

13 Novemba

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimepika kisamvu, kimebaki. Mudathiri anakula kama anatimiza wajibu.

17 Novemba

Amenipigia simu Bi Sikudhani, mama yake Yasmini. Kule kwao mtandao unashikwa gatini tu, kwa hiyo alikuwa anapiga kelele kushindana na upepo. Baada ya salamu akasema malengelenge hayajakoma, kila kukicha kuna mapya, na sasa mtoto hata maji anayaogopa. Nikamuuliza nani kamsogeza karibu na korosho.

"Korosho gani, mkwe? Kisiwani kwetu hapa hakuna hata mkorosho mmoja. Ni mikoko na minazi na maji."

Simu ilipokatika nimekaa kitako juu ya gunia. Miaka yote ile nimefundisha watoto wa watu hesabu, na hili lililo wazi sikuliona. Ikiwa kinachounguza hakipo na kuungua kupo, basi si hicho. Wala hakikuwa hicho hata alipokuwa hapa, maana mgongo haubangui.

Nimeogopa. Korosho naijua. Kisicho korosho sikijui, na mtoto anakwisha.

18 Novemba

Nimemwambia shemeji Bushiri kwamba kesho nakwenda Kiongoroni. Amesema si desturi mama wa mume kwenda kwa wakwe bila kuitwa. Nikamwambia anitafutie desturi inayoponya, nitaifuata hiyo. Mudathiri kabaki na korosho.

Kiongoroni, 19 Novemba

Nimefika nimelowa mpaka nguo ya ndani. Bi Sikudhani alinipokea gatini, akaninyang'anya mkoba, tukatembea kwenye tope bila mazungumzo mengi. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mikono yake imekomaa kwa chumvi. Siku ya harusi, alipokuja Kibiti, sikumwona vizuri, nilikuwa nahesabu sahani.

Yasmini kalazwa juu ya majani machanga ya mgomba yaliyopakwa mafuta, ili mgongo usigandane. Hilo mimi sikulifikiria, nilimlaza kwenye shuka. Amekonda hata mifupa ya mabega inahesabika. Aliponiona akajaribu kuinuka anisalimie. Nikamzuia.

Tukiwa tunamgeuza, Bi Sikudhani akaniuliza dawa gani tulikuwa tunampa ya kinywa. Nikamuuliza kinywa gani. Akanikazia macho. Akachukua tochi, akamwambia mwanawe afungue mdomo.

Sijui niandikeje. Ndani ya mashavu, kwenye fizi, juu, chini ya ulimi, kote kumechubuka, nyama nyekundu tupu, na pembeni ngozi nyeupe imening'inia. Bi Sikudhani akanieleza. Yalianza Idd ya Mfungo Tatu, Yasmini alipokuja kuwaamkia wazee wake kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Vidonda viwili vitatu tu, wakadhani ni joto. Akampeleka kwa mtu wa meno, akapewa dawa ya kusukutua. Alirudi Kibiti navyo. Yaani korosho zilipoanza kudondoka alikuwa na vidonda hivyo tangu mwezi wa sita, miezi mitatu mizima.

"Mtoto alikuwa anakula kwako," akasema Bi Sikudhani. "Nilijua mnajua."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningepata pa kushika.

Nikamuuliza Yasmini kwa nini hakuniambia. Alimeza mate kwanza, na kule kumeza tu kulimtoa machozi. "Niliona haya, Mama. Mgeni nyumbani kwenu. Wangesema nimekuja na ugonjwa wangu."

Wangesema kweli. Mimi ningekuwa wa kwanza. Uji uliopoa nilishausema kuwa ni maringo, na kanga mdomoni nikaiita aibu, na yote mawili yalikuwa ni maumivu.

Bi Sikudhani alikuwa amemwita shehe aje kesho kumsomea. Nikamwambia asome, dua haizuiwi, lakini maji yakijaa tunapanda boti sote watatu tunakwenda Dar. Akasema hajawahi kufika Dar. Nikamwambia nami nilikuwa sijawahi kufika Kiongoroni.

Dar es Salaam, 21 Novemba

Tumezungushwa sana kabla ya kufikishwa kliniki ya ngozi. Daktari ni mwanamke, bado kijana, anaitwa Mwinjuma kwa jina la baba yake. Kabla sijakaa nilishafungua mdomo kueleza, kwa mazoea. Akauliza swali moja: kilianza kinywa au ilianza ngozi? Mimi nikasema ngozi, Bi Sikudhani akasema kinywa, kwa pamoja. Daktari akatutazama, akatuomba kwa heshima tunyamaze, na akamgeukia Yasmini.

"Kinywa," akasema Yasmini. Neno moja, lakini lilikuwa lake.

Basi hapo ndipo habari ikakaa sawa. Mtu wa meno aliambiwa kinywa tu. Mganga wa zahanati aliambiwa ngozi tu, tena na mimi, tena na jibu lake tayari. Hakuna aliyeelezwa vyote viwili mpaka leo.

Daktari alivaa glovu, akatafuta sehemu ya ngozi isiyo na kidonda, akaisugua kidogo kwa kidole gumba. Ngozi ya juu ikateleza, ikatoka. Sijawahi kuona ngozi ya mtu ikifanya hivyo. Bi Sikudhani alinishika mkono bila kujua.

Akatueleza kwa Kiswahili chepesi. Anadhani ni pemfigasi. Ni ugonjwa wa nadra, daktari wa wilayani anaweza kumaliza kazi yake asiuone. Askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu, wameigeukia ngozi yenyewe na kukata gundi inayoishikilia. Mara nyingi huanzia kinywani, miezi kabla ya ngozi. Hauambukizi. Hakuna aliyempa, hakuna aliyemtupia. Nikamuuliza habari ya korosho. Akasema korosho haikuleta wala haikuzidisha, ila ilituziba macho.

Nikamuuliza lile nililokuwa naliogopa. Hakunizungusha. Akasema ukiachwa bila dawa, unaua. Vidonda vinamwaga maji ya mwili, vijidudu vinapata njia, na mgonjwa hali chakula. Akasema Yasmini amechelewa lakini bado yupo.

Wamekata kipande kidogo cha ngozi pembeni ya lengelenge kupeleka maabara. Vidonge vimeanza leo leo. Kalazwa.

24 Novemba

Kanywa maji kwa mrija. Tunapokezana na Bi Sikudhani, mmoja anakaa, mmoja analala kwenye mkeka nje.

27 Novemba

Homa kali. Kidonda cha mgongoni kimeingia usaha, na daktari anasema dawa yenyewe inayowatuliza wale askari inauacha mwili bila ulinzi, hivyo ni lazima kipimo chake kiwe cha katikati, kisizidi wala kisipungue. Wamemtundikia dripu. Hatutambui. Alimwita Bi Sikudhani kwa jina la bibi yake, mimi hakuniita kwa jina lolote.

Nimempigia Mudathiri. Nikamwambia kama ana mke, aje.

28 Novemba

Bado homa. Bi Sikudhani hajala. Namlazimisha ananilazimisha, mwisho hali mtu.

30 Novemba

Homa imeshuka. Ameomba maziwa, akamaliza kikombe. Bi Sikudhani alikwenda kulilia chooni ili mtoto asimwone. Mimi nililia palepale, nimechoka kujikaza.

2 Desemba

Mudathiri alifika jana. Siku nzima alisimama mlangoni kama mtu wa kuleta mzigo. Nikamshika mkono nikampeleka kitandani. Hakujua amguse wapi. Akamshika kisigino, ndipo pasipokuwa na kidonda, akakaa hivyo mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Leo karudi Kibiti, eti korosho zimelowa ghalani.

5 Desemba

Majibu ya maabara yametoka. Ni pemfigasi. Nimeshangaa nafsi yangu kufurahia jina baya namna ile. Daktari Mwinjuma akasema vidonge vitakuwa vya muda mrefu, vitapunguzwa kidogo kidogo, asiviache mwenyewe hata siku moja. Ugonjwa unaweza kutulia miaka. Unaweza kurudi.

18 Desemba

Karuhusiwa. Mgongo umekauka, kinywa bado kwa ndani lakini anakula ndizi za kupondwa. Kaondoka na mama yake kwenda Kiongoroni, kama desturi inavyotaka, mpaka mumewe aende na wazee kumchukua. Mimi nimerudi Kibiti.

27 Desemba

Mvua zimekatika. Korosho za mwisho zimekwenda mnadani. Shemeji Bushiri amekuja tena, na safari hii mazungumzo yake yalizunguka mpaka kijijini Ngorongo, kwa msichana fulani mwenye afya nzuri, wa ukoo tunaoujua. Mudathiri hakukubali. Hakukataa pia. Nilimtazama mwanangu, nikamwona kwa mara ya kwanza ni mtu anayengoja kuambiwa, na mimi ndiye niliyemlea hivyo, kwa kumjibia kila kitu.

Kiongoroni, 11 Januari

Tumekuja kumchukua: Mudathiri, shemeji Bushiri na mimi. Tumepokewa na mjomba wake Yasmini, Mzee Ismaily, mkeka umetandikwa, kahawa na kashata. Wanaume wakaanza maneno yao ya taratibu, kuulizana hali za mashamba na za bahari. Kwa desturi mke anabaki ndani mpaka aitwe. Yasmini alitoka bila kuitwa, akakaa kando ya mama yake. Dawa imemvimbisha mashavu, mikononi kabakiwa na mabaka meusi. Kanga iko mabegani, si mdomoni.

"Mjomba, uniwie radhi," akasema. "Nina neno na mume wangu." Sauti yake hiyo sikuwahi kuisikia. Ni nyembamba, safi, haina haraka.

Mzee Ismaily akaitikia kwa kichwa.

"Daktari kasema ugonjwa huu unaweza kurudi. Ukirudi, nitauguzwa wapi?"

Mudathiri akamtazama shemeji Bushiri. Kisha akanitazama mimi. Jibu nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, Mungu anajua, na nilikaza meno lisitoke. Nikatazama mkeka. Mwisho Mudathiri akasema, "Kwangu."

"Nashukuru," akasema Yasmini. "Lakini umewatazama wawili kabla ya kunijibu. Sikukatai. Siku utakayonijibu bila kutazama mtu, nitakuja."

Akainuka, akarudi ndani. Shemeji Bushiri aliwaka, akataja talaka. Mzee Ismaily akamwambia kahawa inapoa. Mimi niliumia, maana yule ni mwanangu wa kumzaa. Na papo hapo nilitaka kumfuata Yasmini nikambusu mikono.

Njiani kwenye boti Mudathiri aliniuliza kwa nini sikumsaidia. Nikamwambia nimemsaidia miaka thelathini, na ndiyo haya.

Kibiti, 19 Januari

Kesho ni kliniki ya Yasmini kule Dar. Yeye na mama yake watatoka Nyamisati, tutakutana Mbagala. Shemeji Bushiri kauliza nitakwenda kama nani, ikiwa binti mwenyewe kakataa kurudi. Nikamwambia jina la uhusiano huo sina, ila gari linaondoka baada ya alfajiri na nitakuwemo.

20 Januari

Nimemaliza kuswali, nikatoka na mkoba wangu. Mudathiri alikuwa ameshavaa, kasimama uani. Hakuniuliza kama aje. Hakunitazama hata. Alifungua mlango wa uani, akatangulia stendi.